Tua Mzigo Upumue: Mikono, Pumzi na Mwili Uliochoshwa na Mawazo



Katika toleo hili tumeamua kuongea juu ya jambo ambalo vikundi vingi vimetuuliza, ingawa mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, mkutano ukishafungwa na watu wakichukua viatu vyao mlangoni. Jambo lenyewe ni mawazo mengi: yale yanayomkosesha mtu usingizi, yanayomfanya aumwe na kichwa na mgongo, na yanayomwacha amechoka hata kabla hajashika jembe. Tena tutaongea juu ya wale wanaosema wanaweza kuyaondoa mawazo hayo kwa nguvu iliyo mikononi mwao.

SWALI LILILOTOKA KIKUNDINI

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea. Mmoja wao anamtunza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja. Humgeuza kitandani, humwosha, humlisha, halafu anakimbia shambani, halafu anarudi kupika. Usiku analala nusu nusu, sikio moja likiwa katika chumba cha mgonjwa. Watoto wawili wako sekondari na karo haijaisha. Alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikakaa wiki nyingi bila kufunga. Kichwa kilikuwa kikimgonga kila jioni. Alipokwenda dispensari alipimwa, akaambiwa ana presha, akapewa tembe.

Siku moja ya soko alikutana na mtu aliyekuwa akitibu watu nyuma ya maduka. Mtu huyo alimlaza juu ya mkeka, akawa anapitisha mikono juu ya mwili wake bila kumgusa, kama nusu saa hivi. Akamwambia anamrudishia nguvu zilizopotea. Mama akalipa shilingi 500. Usiku huo alilala mpaka jogoo akawika, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miezi mingi. Akarudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne yule mtu akamwambia, "Hizo tembe za presha zinazuia nguvu. Ziache kwanza." Akaziacha.

Sasa katika mkutano mama huyu akasimama akasema: "Wenzangu, mimi nimesaidika. Mbona tusitoe elfu tatu kwa sanduku letu tumlete hapa? Si sote tuko na mawazo mingi?" Wengine wakapiga makofi. Mweka hazina akanyamaza. Mwenyekiti akatugeukia sisi wageni: "Na nyinyi mnasema aje?"

Jambo moja tulilisema hapo hapo: kesho yake mama arudi dispensari apimwe presha, na asiache tembe bila kuongea na muuguzi. Hayo mengine tuliomba muda tukaulize wanaojua na kusoma. Haya yafuatayo ndiyo tuliyorudi nayo.

MWILI UNAPOSHTUKA

Tuanze na mwili wenyewe. Chukua mfano wa mtu anayetembea njiani akakuta nyoka. Kabla hajafikiri, mwili umekwisha kuamka. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizi humwaga katika damu maji maji ya aina mbili tunayotaka kuyataja: adrenalini, inayofanya kazi mara moja, na kotisoli, inayofuata baadaye kidogo na kukaa zaidi. Moyo unapiga mbio. Pumzi inakuwa fupi na ya haraka. Ini linatoa sukari iingie katika damu ili misuli ipate nguvu. Tumbo linaachwa kwanza, kwa sababu wakati wa nyoka si wakati wa kusaga chakula. Mtu yuko tayari kukimbia au kupigana.

Daktari wa Marekani aliyeitwa Walter Cannon alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1915. Baadaye, mwaka 1936, mtafiti Hans Selye wa Montreal, Kanada, aliandika kwamba mwili ukiendelea kusumbuliwa kwa muda mrefu, unaanza kudhurika wenyewe. Huo ndio mwanzo wa mambo mengi tunayosikia leo kuhusu mfadhaiko.

Kushtuka kwenyewe si ugonjwa. Ni zawadi. Bila hiyo nyoka angetumaliza. Nyoka akishapita, mwili unatulia, tumbo linarudi kazini, usingizi unakuja.

NYOKA HUPITA, KARO HAIPITI

Taabu ni kwamba shida zetu nyingi si kama nyoka. Nyoka hupita. Karo haipiti. Mgonjwa ndani ya nyumba hapiti. Mvua iliyokosa, mume aliyeanza kunywa, deni la dukani, hayo yote yanaamka na mtu asubuhi na kulala naye usiku. Mwili haujui tofauti ya deni na nyoka. Unaendelea kumwaga yale maji maji kana kwamba hatari ingali mbele ya miguu.

Mambo haya yakiendelea, tunaanza kuyaona haya:

- usingizi unakatika katika, hasa alfajiri;
- shingo, mabega na mgongo vinakaza na kuuma;
- tumbo linasumbua, chakula hakipendezi au mtu anakula bila kipimo;
- hasira ndogo ndogo kwa watoto;
- kusahau vitu, kama hela ulizoziweka mwenyewe;
- presha inaweza kupanda;
- kinga ya mwili inalegea.

Juu ya hilo la mwisho kuna utafiti mmoja uliotugusa sana tulipoukumbuka mguu wa yule mama. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliandika juu ya wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Waliwalinganisha na wanawake wengine 13 wa umri kama wao ambao hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo sana cha ngozi mkononi, kisha kile kidonda kikaangaliwa mpaka kipone. Wale waliokuwa wakitunza wagonjwa walichukua siku 9 zaidi, kwa wastani, kidonda kupona.

Kwa hiyo mtu akisema "mawazo yananimaliza", tusimcheke. Si maneno matupu. Yanafika mpaka kwenye ngozi.

Lakini hapa tuangalie vizuri. Kidonda kisichopona kinaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa wa sukari, au kina uchafu ndani. Usiseme "ni mawazo tu" ukakaa nacho. Nenda kipimwe.

BREKI YA MWILI

Kama gari, mwili una mahali pa kukanyaga mafuta na una breki. Mafuta tumeyaeleza. Breki ni nini?

Kuna neva kubwa iitwayo vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inakwenda kwenye moyo, mapafu na tumbo. Neva hii ikifanya kazi, moyo unapunguza mwendo na tumbo linaanza kusaga chakula tena. Huwezi kuuambia moyo, "Wewe, piga pole pole," ukakusikia. Lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo unaifuata pumzi.

Jaribuni sasa hivi mkiwa mmekaa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mpigo. Vuta pumzi pole pole, kisha itoe pole pole zaidi. Wengi watasikia kwamba ukivuta, moyo unakimbia kidogo, na ukitoa, unapunguza. Kila unapotoa pumzi unakanyaga breki. Ndiyo maana mtu akishusha mzigo wa kuni hutoa pumzi ndefu bila kufundishwa na mtu yeyote.

Katika miaka ya 1970 daktari Herbert Benson wa Boston, Marekani, aliwapima watu waliokaa kimya wakirudia neno moja pole pole, wakiacha mawazo yapite. Aliona pumzi na mwendo wa moyo vikipungua. Mwaka 1975 alitoa kitabu akaeleza kwamba mwili una uwezo wa kutulia, kama vile ulivyo na uwezo wa kushtuka, na kwamba uwezo huo unaweza kufanyiwa mazoezi.

Mwaka 2001 watafiti wa Italia nao waliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kwa kupokezana kama inavyofanywa kanisani. Waliona kwamba sala hiyo inaifanya pumzi ishuke mpaka karibu mara 6 kwa dakika, na moyo unatulia. Wale waliorudia maneno ya yoga ya Wahindi walipata hali hiyo hiyo. Hatusemi kwamba sala ni dawa ya moyo. Sala ina sababu zake. Tunasema tu kwamba nyanya zetu waliposali pole pole jioni, miili yao nayo ilikuwa ikipumzika.

JE, NGUVU YA MIKONO NI KWELI?

Sasa tuje kwa yule mtu wa soko. Matibabu ya namna hii yana majina mengi. Mojawapo ni reiki, iliyoanzishwa Japani na mtu aliyeitwa Mikao Usui mwaka 1922. Nyingine ilianza Marekani katika miaka ya 1970 kupitia muuguzi Dolores Krieger na mwenzake Dora Kunz. Wote wanafundisha kwamba mwili umezungukwa na nguvu ya uhai, kwamba nguvu hiyo ikiharibika mtu anaugua, na kwamba mwenye ujuzi anaweza kuisikia kwa mikono yake na kuitengeneza.

Kuna msichana mmoja wa Colorado, Marekani, Emily Rosa, aliyeamua kulipima jambo hili alipokuwa na miaka 9. Alitumia ubao wa kadi tu. Mganga alikaa upande mmoja akapitisha mikono yake miwili kwenye matundu, asione upande wa pili. Msichana alirusha sarafu kuamua, kisha akaweka mkono wake karibu na mkono mmoja wa mganga, wa kulia au wa kushoto. Swali lilikuwa moja: Mkono wangu uko karibu na upi? Kama kweli wanaisikia ile nguvu, wangejibu bila shida.

Waganga 21 walijaribiwa, jumla ya mara 280. Walipata mara 123. Mtu asiyejua lolote, anayebahatisha tu, angepata kama mara 140. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida kubwa la madaktari wa Marekani, Emily akiwa na miaka 11.

Basi, je, yule mama alidanganywa? Hakulala usiku ule?

Alilala. Hilo ni kweli, na tusimnyang'anye. Lakini tujiulize: ni nini kilimfanya alale? Alilazwa chini mchana, kitu ambacho hajapata kufanyiwa tangu mama mkwe alipougua. Kwa nusu saa nzima hakuna aliyemwita. Mtu alikaa karibu naye, akamsikiliza, akamwambia maneno ya kumtia moyo. Pumzi yake ikawa ndefu. Misuli ikalegea. Alikanyaga breki. Hakuna utafiti imara ulioonyesha kwamba nguvu fulani inatoka mikononi na kuingia mwilini. Lakini kwamba mtu aliyelala kimya na kutunzwa kwa wema anatulia, hilo hata sisi tunalijua.

Kwa maneno mengine, kilichomsaidia ni kile kilichokuwa bure. Alicholipia ni maelezo. Na maelezo hayo ndiyo yaliyomletea hatari, kwa maana ni kwa sababu ya hayo alikubali kuacha tembe. Presha haina kelele. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku mishipa inaumia, na siku moja akaanguka kama alivyoanguka mama mkwe wake.

Wengine watauliza juu ya kuwekeana mikono na kuombea wagonjwa. Hilo ni jambo la imani na hatujalipima kwa ubao wa kadi. Tunalosema ni moja: aliyeombewa naye anywe dawa yake.

MAZOEZI YASIYO NA BEI

Haya mnaweza kuyafanya mwanzoni mwa mkutano, kabla ya kusoma kumbukumbu. Dakika kumi zinatosha.

Zoezi la kwanza: pumzi ndefu

1. Keti vizuri, mgongo umeegemea, nyayo chini, mikono mapajani.
2. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne. Acha tumbo lifure, si mabega yapande.
3. Toa pumzi pole pole ukihesabu moja mpaka sita, kama anayepuliza chai bila kuimwaga.
4. Endelea hivyo dakika tano. Mawazo yakija, usigombane nayo. Rudi tu kwenye kuhesabu.

Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Mwenye pumu asijilazimishe. Na kama kufunga macho kunamrudishia mtu mambo mabaya yaliyompata, ayaache wazi na kutazama kitu kimoja, kama mti au ukuta.

Zoezi la pili: kukaza na kulegeza

Zoezi hili lilianzishwa na daktari Edmund Jacobson wa Marekani karibu miaka mia moja iliyopita. Kaza ngumi kwa kuhesabu mpaka tano, kisha ziachilie ghafla na usikie tofauti. Halafu pandisha mabega mpaka karibu na masikio, yaachilie. Kunja uso, uachilie. Kaza tumbo, liachilie. Kaza mapaja na miguu, iachilie. Mahali penye kidonda, au panapouma, paruke. Mama mjamzito asikaze tumbo, na mimba ikiwa kubwa afanye akiwa ameketi, si kulala chali.

Zoezi la tatu: mikono yetu wenyewe

Kukandana si jambo geni kwetu. Mama anakanda mtoto, mkunga anakanda mzazi, wazee wanakandwa miguu. Mwenzako akikubali, simama nyuma yake umkande mabega na shingo taratibu kwa dakika mbili, kisha mbadilishane. Akina mama kwa akina mama, wanaume kwa wanaume. Asiyetaka asilazimishwe. Mguu uliovimba upande mmoja na kuuma usikandwe, upelekwe hospitali.

Mazoezi haya ni kama kupiga mswaki. Hayafai kitu ukiyafanya mara moja kwa mwezi. Yafanye kila siku, hasa kabla ya kulala.

LAKINI PUMZI HAILIPI KARO

Hapa ndipo tunapotaka kusema la maana kuliko yote. Mtu akibeba gunia la mahindi, unaweza kumfundisha kupumua vizuri chini ya gunia. Ni msaada. Lakini msaada mkubwa zaidi ni kumshika gunia upande mmoja, au kumwambia alitue kidogo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mwingine tunauona mwepesi kama sufi. Yule mama alikuwa amekaa nasi katika kikundi miezi yote hiyo na hakuna aliyemuuliza, "Usiku unalala saa ngapi?"

Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Washona wanauita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi. Nyanya husikiliza, humsaidia mtu achague shida moja tu ya kuanza nayo, kisha wanatafuta pamoja hatua ya kwanza. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa kutoka kwa watu 573 wa kliniki 24. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliokaa kwenye benchi, kama 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 katika kila 100.

Hapa kwetu pia jambo kama hilo limejaribiwa. Katika mitaa ya Nairobi, wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa njia iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Walikutana na kila mama mara tano. Siku ya kwanza walimfundisha kupumua pole pole, kama tulivyoeleza juu. Siku zilizofuata walimsaidia kupanga shida zake, kurudia kazi alizokuwa ameziacha, na kutafuta watu wa kumsaidia. Utafiti huo wa wanawake 421, wengi wao waliokuwa wamedhulumiwa, ulichapishwa mwaka 2017, nao ulionyesha kwamba waliopata msaada huo walipunguza mahangaiko kuliko wenzao.

Mnaona utaratibu wake? Pumzi kwanza, ili kichwa kitulie. Halafu shida. Halafu watu. Pumzi ni mlango, si nyumba.

MAMBO YA KUKIMBIA

Kikundi kikiletewa mganga wa namna yoyote, wa mikono, wa mashine au wa majani, mwenyekiti aulize maswali haya. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mfunge sanduku:

- Je, anasema uache dawa za presha, sukari, kifua kikuu, kifafa au virusi vya ukimwi?
- Je, anasema anaponya magonjwa yote?
- Je, anakataza usimwambie daktari au jamaa zako?
- Je, bei inapanda kila ukirudi?
- Je, anataka kukaa na mama au mtoto peke yao, au wavue nguo?

Na kuna mambo yasiyongoja mazoezi wala mkutano. Kifua kikikaza na kuuma, uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla, kichwa kikiuma vikali kuliko kawaida, mpelekeni mtu hospitali siku hiyo hiyo. Mtu asipolala na asipokula kwa wiki mbili, au akianza kusikia sauti wengine hawazisikii, apelekwe akaonwe. Na mtu akisema afadhali kufa, msimkemee. Mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni dawa za shamba na kamba karibu naye, mfuatane naye mpaka kwa muuguzi.

Presha kuipima siku hizi si safari ndefu kama zamani. Tangu mwaka 2023 wahudumu wengi wa afya wa kijiji wamepewa mkoba wenye mashine ya kupima presha na sukari. Mwalikeni wenu aje siku ya mkutano.

WALIVYOAMUA

Tulirudi kwa kile kikundi tukaeleza haya yote, tukapima pumzi pamoja, tukacheka kidogo. Kisha tukanyamaza, kwa maana pesa ni zao na uamuzi ni wao.

Waliongea kwa muda mrefu. Mwishowe shilingi 3,000 zilibaki sandukuni. Walipanga zamu: kila Jumanne na Ijumaa mchana mmoja wao atakaa na mama mkwe saa tatu, ili mwenzao alale. Mzee mmoja mwanachama alisema mke wake pia anatunza mgonjwa, na hakuwahi kufikiri ni kazi. Akaomba nyumba yake iingizwe katika zamu hiyo. Mama mwenyewe alikuwa amerudi dispensari. Presha ilikuwa juu, akaanzishiwa tembe tena. Sukari ilipimwa, hakuwa nayo. Kidonda kilisafishwa na kufungwa vizuri.

Tulipopita tena miezi miwili baadaye kilikuwa kimefunga. Hatusemi ni pumzi iliyokifunga, wala hatusemi ni bandeji peke yake. Yeye alituambia hivi: "Siku ya kwanza walipokuja kunishikia zamu, sikulala. Nilikaa tu kitandani nikalia. Ya pili nikalala."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayetunza mgonjwa nyumbani? Mara ya mwisho alipumzika lini?
2. Ni dalili gani za mawazo mengi tunazoziona kwetu sisi wenyewe? Wanaume huzionyesha namna gani, na wanawake namna gani?
3. Je, tumewahi kutumia pesa za kikundi kwa mganga au dawa ambayo hatukuuliza habari zake? Tulijifunza nini?
4. Ni mzigo gani mmoja ambao tunaweza kumtulia mwenzetu mwezi huu, bila kugusa sanduku?

Tuandikieni mtuambie mlivyofanya. Mpaka toleo lijalo, tuoneane huruma na tupumue pole pole.